Zebaki ya Karieri na Samaki wa Mezani

Somo: 2 Wafalme 2:19-22 na 4:38-41, Ezekieli 34:17-19



Wengi wetu tunaijua habari ya chungu cha Gilgali. Njaa ilikuwa katika nchi, Elisha akaagiza wana wa manabii wapikiwe chakula, na mmoja wao akatoka kwenda porini kutafuta mboga. Akarudi na matunda ya mwitu, nguo yake imejaa, akayakatakata ndani ya chungu bila kuyajua. Mtu yule hakuwa mchawi wala adui. Alikuwa ndugu aliyetaka wenzake washibe. Walipoanza kula, ulimi ukawaambia kwamba kuna neno baya, wakapiga kelele, na chakula kikaponywa kabla hakijaua mtu.

Sumu tunayotaka kuieleza leo haifanani na ile. Ulimi hauitambui. Haina uchungu, haina harufu, haibadilishi rangi ya nyama ya samaki. Jina lake kwa Kiswahili cha vitabu ni zebaki. Kwenye karieri watu wanasema merkiri. Inatoka katika kazi ya dhahabu, inaingia mtoni, na kutoka mtoni inapanda mpaka kwenye sahani ya bugali.

Ndugu zetu wengi wanaishi kwa dhahabu. Kamituga, Misisi, Shabunda, na kule Ituri upande wa Mongbwalu, dhahabu ndiyo inayolipa minervali ya watoto, ndiyo inayonunua mabati, na sadaka ya Jumapili inatoka humo pia. Kwa hiyo hatuandiki ili kumhukumu mchimbaji. Tena si kila karieri inatumia zebaki; ziko sehemu ambako watu wanaosha mchanga kwa beseni na ubao tu. Lakini pale inapotumika, kazi huenda hivi.

Mawe yanatwangwa, mara nyingi na mama zetu, mpaka yanakuwa unga. Unga unaoshwa, unabaki mchanga mzito mweusi wenye chembe za dhahabu ndogo sana ambazo vidole haviwezi kuzishika. Hapo mtu anamimina zebaki, ile chuma ya maji inayong'aa, na kuchanganya kwa mikono mitupu. Zebaki inashika dhahabu kama gundi. Kisha anakamua kwa kitambaa. Zebaki ya ziada inarudi chupani, na kitambaani linabaki donge jeupe la kijivu. Donge hilo ni karibu nusu dhahabu, nusu zebaki. Linawekwa juu ya moto, kwenye kijiko au kopo la sardini. Zebaki huchemka kwa joto la digrii 357, inageuka mvuke usioonekana, na dhahabu inabaki. Kila anayepata grama moja ya dhahabu kwa njia hii amerusha hewani karibu grama moja ya zebaki, mbali na ile iliyopotea katika maji ya kuoshea. Na hata kule mjini, negosiani anayeichoma tena dhahabu aliyonunua ili aisafishe anarusha ile iliyobaki, katikati ya nyumba za watu.

Mvuke ule una njia mbili. Njia ya kwanza ni fupi: pua ya yule anayechoma, na ya mtoto aliyelala pembeni. Katika sehemu kumi za mvuke zinazovutwa, karibu nane zinabaki mwilini, na damu inazipeleka kwenye ubongo na figo. Hapa tunaelewa kwa nini mchimbaji mzee anabisha. Anasema, mimi nimeshika merkiri miaka mingi, siku moja hata niliimeza, mbona sikufa? Ni kweli, zebaki ya maji ikimezwa, sehemu kubwa sana inapita tumboni na kutoka. Mvuke wake ndio haupiti.

Njia ya pili ni ndefu. Mvuke unapanda, unapoa, unashuka pamoja na mvua, na kujiunga na ile iliyomwagika kwenye vijito. Inatulia ndani ya matope, chini ya mto, na katika mashimo ya zamani yaliyojaa maji yasiyotembea. Mle matopeni wanaishi vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo vinaigeuza zebaki kuwa kitu kingine, ambacho wataalamu wanakiita methili ya zebaki. Zebaki ya chupani, ukiimeza, hupita. Methili hii ikiliwa, karibu yote inaingia katika damu.

Sasa tazama jinsi inavyopanda. Majani madogo ya majini yanainyonya kidogo. Mdudu wa maji anakula majani mengi, anabaki na zebaki ya yote. Samaki mdogo anakula wadudu wengi. Samaki mkubwa anakula samaki wadogo mamia, mwaka baada ya mwaka, na mwili wake unaitoa polepole sana. Ndiyo maana maji ya mto yanaweza kupimwa yakaonekana hayana shida, na samaki mkubwa wa mto huo huo akawa na zebaki mara milioni moja kuliko yale maji. Mtu anayetazama maji na kusema ni safi hajatazama mahali penyewe.

Na mama wa nyumbani asidhani atajua kuitoa. Haikai kwenye ngozi, wala kwenye mafuta, wala matumboni peke yake, ili tuseme tutakata na kutupa. Imejishika ndani ya nyama yenyewe. Kukaanga hakuitoi. Chumvi na limau haviitoi. Kukausha kwa moshi ndiko kunadanganya zaidi, maana maji yanatoka na zebaki inabaki. Kipande kilichokauka kina zebaki nyingi kuliko kipande kibichi cha uzito ule ule.

Wapendwa, haya yamekwisha kutokea kwa watu. Huko Japani uko mji wa pwani unaoitwa Minamata. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga zebaki baharini miaka mingi, na watu wa pale walikuwa wavuvi, chakula chao samaki. Kwanza paka ndio waliougua: wakayumba, wakaruka kama wanacheza ngoma, wengine wakaanguka majini. Kisha watu wakaanza kufa ganzi midomo na vidole, macho yakaona kama kupitia bomba, miguu ikakataa kutembea sawa, maneno yakawa mazito. Ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Serikali ilikubali mwaka 1968 kwamba sababu ilikuwa zebaki ya kiwanda. Miaka 12 ilipita katikati, na watu waliendelea kula.

Jambo moja la Minamata tunaomba kila mama alishike. Walizaliwa watoto wenye ulemavu mzito, wasioweza kukaa wala kusema, na mama zao walionekana wazima au waliumwa kidogo tu. Methili ya zebaki inavuka kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto, na damu ya mtoto inakuwa nayo nyingi kuliko damu ya mama. Ubongo unaojengwa unaharibika kwa kipimo ambacho mtu mzima hakisikii. Na pale ambapo sumu ni kidogo, mtoto hazaliwi kilema wa kuonekana. Anachelewa kusema, anachelewa kushika masomo, na watu wanasema tu kwamba huyu kichwa chake ni kigumu.

Hapa tunafika kwenye neno linalotusumbua kuliko mengine yote.

Mtu anayevuta mvuke wa zebaki kila siku huanza kutetemeka mikono. Analala vibaya. Anasahau. Anakuwa mkali bila sababu, au anaogopa watu na kujificha. Sasa fikiri kijana wa namna hiyo anarudi nyumbani kutoka karieri, au mtoto wa jirani anaanguka anguka akitembea. Neno la kwanza linalosemwa ni lipi? Amerogwa. Na baada ya neno hilo linakuja la pili: ni nani aliyemroga? Bibi mzee anatazamwa, au mtoto yatima anayelala jikoni. Tumeona katika nchi yetu watoto waliofukuzwa nyumbani kwa sababu ya maneno ya namna hii, na wako watumishi wanaoharakisha kutaja jina kabla hawajauliza mgonjwa anafanya kazi gani na anakula nini.

Hatusemi kwamba hakuna roho wachafu. Sisi ni Wapentekoste. Tunajua Bwana Yesu aliwatoa, na leo anawatoa. Lakini Injili yenyewe inatofautisha. Mathayo 4:24 inataja wenye magonjwa mbalimbali na wenye pepo kila mmoja kwa jina lake, haiwachanganyi. Yeyote anayeletwa kwa maombezi akiwa anatetemeka, aulizwe kwanza: je, kwenu wanachoma dhahabu? Wanachomea wapi? Aombewe, na siku hiyo hiyo apelekwe kwa munganga, kwa sababu kifafa, malaria ya kichwa na mengine mengi yanaweza pia kutetemesha mtu. Hospitali kubwa inaweza kupima mvuke wa zebaki kupitia mkojo, na zebaki ya samaki kupitia nywele au damu. Dawa ya kuurudisha ubongo ulioharibika haipo katika duka la dawa. Matibabu ya kwanza ni kumtoa mtu kwenye sumu. Kumfungia chumba cha maombi siku saba na kisha kumrudisha penye moto ule ule wa kuchomea ni kumrudisha chunguni.

Wengine wanatujibu kwa Marko 16:18, ile ahadi juu ya kitu cha kufisha, kwamba hakitawadhuru waaminio. Tunaiamini. Lakini tazameni Paulo kule Malta, Matendo 28. Alikuwa anakusanya kuni kwa ajili ya moto, nyoka akatoka akamshika mkono, naye akamkung'utia motoni. Hakwenda kumtafuta nyoka shimoni ili aonyeshe imani yake. Na Bwana wetu alipoambiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika watamshika, alikataa, akasema huko ni kumjaribu Mungu. Anayejua kwamba chakula kina sumu, kisha akafumba macho na kukibariki, amesimama juu ya hekalu lile.

Elisha tena anatufundisha. Watu wa Yeriko walipomlalamikia kwamba maji ya mji ni mabaya na nchi inaharibu mimba, hakuombea kikombe cha kila nyumba. Alitoka, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, akatupa chumvi pale maji yanapotokea. Sisi chemchemi yetu ni ile sahani ya kuchomea. Sumu ikizuiliwa pale, inazuiliwa kwa mvutaji na kwa mlaji wa samaki pia.

Iko njia. Kipo chombo kinachoitwa retorti: kikombe cha chuma chenye kifuniko cha kubana na bomba linalopita katika maji baridi. Donge linawekwa ndani, moto chini, mvuke unapita bombani, unapoa na kurudi kuwa zebaki ya maji ndani ya kopo. Fundi wa kusudia vyuma anaweza kukitengeneza akionyeshwa mfano, na zebaki inayorudi haina haja ya kununuliwa tena. Huko Ufilipino, katika jimbo la Benguet, wachimbaji wadogo wameacha zebaki kabisa. Wanaosha vizuri mpaka mchanga unabaki kidogo, wanautia boraksi, ule unga mweupe ambao sonara anautumia, na kuyeyusha kwa moto mkali. Wachimbaji walio katika koperative wanaweza kuwauliza watu wa SAEMAPE, kwa maana kazi ya ofisi hiyo ni kuwasaidia wachimbaji wadogo. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliopewa jina la Minamata na kuanza kufanya kazi mwaka 2017, unataja wazi mambo mawili ya kukomeshwa kati ya mengine: kuchoma donge hewani wazi, na kuchoma mahali watu wanapoishi.

PDG wa shimo asome Kutoka 21:33-34. Torati inamwambia aliyechimba shimo na kuliacha wazi kwamba mnyama wa mwenzake akitumbukia, yeye ndiye atakayelipa. Hakuulizwa kama alikusudia. Shimo la zebaki halionekani kwa macho, lakini wapo waliotumbukia, na wengine wako mbali, chini ya mto, ambao hata dhahabu hawajawahi kuishika. Wenyeji wa Shabunda wanakumbuka draga zilizojaa katika mto Ulindi mwaka 2014 na 2015, zikinyonya changarawe za chini. Ulindi unakwenda Lualaba, Elila vilevile. Ezekieli 34 inawakemea kondoo wanene waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu, na wenzao wakabaki kunywa yaliyovurugwa. Zebaki haiishi haraka. Kule Kalifornia, Marekani, mbio za dhahabu zilianza mwaka 1848, na mpaka leo wenye mamlaka wanawaonya watu juu ya kula baadhi ya samaki wa mito ile.

Sasa tuje mezani, kwa maana mama hawezi kungoja mpaka kila karieri ibadilike.

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa chakula na afya wameweka kipimo: kwa kila kilo ya mwili, methili ya zebaki isizidi mikrogramu 1.6 kwa juma. Mikrogramu ni grama moja iliyogawanywa mara milioni. Mama wa kilo 60, basi, mwisho wake ni mikrogramu 96 kwa juma. Samaki mwenye nusu miligramu katika kila kilo, kipimo ambacho kimetumika muda mrefu kama mpaka wa samaki wa biashara, anamfikisha mama huyo mwisho kwa grama 190 tu, yaani kipande kimoja cha kushiba. Akila kipande kama hicho kila siku, amepita mara saba. Mtoto wa kilo 15 anafika mwisho kwa grama 48.

Hatusemi tuache samaki. Samaki ni chakula ambacho Bwana mwenyewe aliwachomea wanafunzi wake kando ya bahari, na mtoto asiyepata samaki wala nyama ana hatari nyingine iliyo wazi zaidi. Tunasema tuchague. Wale wanaokula samaki wenzao, kama mbenga mwenye meno makali, kapiteni mkubwa, na kambale wale wazee wanaolala matopeni, ndio wenye nyingi zaidi. Mtu anayevua chini ya karieri awaachie wakubwa hao, hasa kama kwake kuna mwenye mimba, anayenyonyesha au mtoto mdogo. Tilapia, anayekula majani, ana kidogo kuliko hao. Sambaza wa Kivu na ndakala wa Tanganyika ni wadogo, hawaishi miaka mingi, wanakula vidudu vya maji. Hao ni wazuri, na bei yao inawezekana. Siku nyingine maharagwe na karanga vitashika nafasi.

Msichana anayetarajia kuolewa asingoje mimba ionekane. Akipunguza samaki wale wakubwa, mwili unaitoa zebaki nusu kwa takriban miezi miwili, na nusu ya iliyobaki kwa miezi miwili mingine. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Katika maziwa inapita kidogo kuliko ilivyopita tumboni, na maziwa ya mama hayana mfano.

Neno la mwisho ni la chupa yenyewe, kwa sababu wengine wanaificha chini ya kitanda. Isikae katika nyumba ya kulala, wala katika chupa ya soda ambayo mtoto anaifahamu. Sufuria iliyochomewa dhahabu isirudi kupika, hata ikisuguliwa kwa mchanga. Nguo za karieri zifuliwe peke yake, mbali na kijito. Na ikimwagika ndani, watoto watoke kwanza, milango na madirisha vifunguliwe. Usifagie, kwa maana fagio inaigawa kuwa matone madogo yanayoingia katika nyufa na kutoa mvuke miezi mingi. Chukua kipande cha karatasi ngumu, sukuma matone mpaka yaungane, yachote, uyatie katika chupa yenye maji juu yake, na ufunge kifuniko kwa nguvu.